Dakika Nne za Kuondoka Jukwaani

Asubuhi ya Februari 18, 2003, mtu mmoja aliyebeba petroli alipanda treni ya chini ya ardhi katika jiji la Daegu, Korea Kusini. Treni ilipofika stesheni ya Jungangno akaiwasha. Viti, sakafu na kuta za mabehewa vikashika moto, na baada ya dakika chache treni nzima ilikuwa inawaka. Moshi ukiwa umeshatanda, treni nyingine iliingia stesheni ile ile kutoka upande wa pili na kusimama sambamba na ile inayoungua. Umeme wa njia ukakatika, haikuweza tena kuondoka. Dereva akawatangazia abiria watulie, kisha akakimbia na ufunguo mkuu, na milango ya mabehewa mengi ikabaki imefungwa. Watu 192 walikufa. Walio wengi hawakuwa katika treni iliyotiwa moto. Walikuwa katika hii ya pili.

Mtu anaweza kuliweka tukio hilo kwenye kumbukumbu za uhalifu na kuliacha huko, kwa kuwa aliyewasha alijulikana na kuhukumiwa. Lakini petroli iliyobebwa na mtu mmoja haiui watu 192 peke yake. Iliua kwa sababu vifaa vya ndani ya mabehewa viliwaka upesi na kutoa moshi wa sumu, na kwa sababu moshi ule ulipanda kwa ngazi zile zile walizokuwa wakizikimbilia watu, gizani, huku chumba cha kuongozea treni kikiwa hakijatambua ukubwa wa balaa. Mengi ya hayo yaliamuliwa miaka kadhaa kabla, mezani kwa mchora ramani na kwa mnunuzi wa mabehewa. Korea ilijifunza kwa uchungu, ikang'oa viti na sakafu za treni zake za mijini na kuweka vifaa visivyoshika moto kirahisi. Leo Mtanzania anayepanda Mchongoko kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma hukaa ndani ya treni iliyotengenezwa na Hyundai Rotem ya nchi hiyo hiyo. Stesheni anayoshukia, daraja linalompitisha juu ya barabara za jiji na handaki analoliingia katika milima ya Kilosa, hivyo havikuagizwa kutoka Korea. Vimejengwa hapa, chini ya sheria za hapa. Ninachokidai katika makala haya ni kimoja: kanuni za ujenzi za Afrika Mashariki ziitambue stesheni ya abiria, pamoja na handaki na daraja lake, kuwa jengo la aina ya pekee lenye masharti yake ya moto, masharti hayo yaandikwe kwa tarakimu, na yawe sheria kabla zege la awamu zinazofuata halijamwagwa.

Kwa nini stesheni isihesabiwe tu kuwa ukumbi mkubwa, kama soko au uwanja wa ndani wa michezo? Sababu ya kwanza iko katika namna ya kuhesabu watu. Kanuni za kawaida za ujenzi hukadiria idadi ya watu kwa ukubwa wa sakafu: mita za mraba kadhaa kwa kila mtu, kisha milango na ngazi hupangwa kufuata idadi hiyo. Jukwaa la treni halifuati hesabu hiyo. Linaweza kuwa na watu hamsini saa nne na dakika tisa, na saa nne na dakika kumi likawa na mia saba, kwa sababu treni imefungua milango. Na treni ikichelewa, wanaosubiri hurundikana wakiwa mara mbili ya kawaida. Ndiyo maana kiwango cha Marekani kinachojulikana kama NFPA 130, ambacho kimetumika katika reli za mijini za nchi nyingi, hakianzi na sakafu. Huanza na treni iliyojaa pamoja na watu wanaosubiri jukwaani wakati huduma imevurugika, kisha huuliza muda. Jukwaa liwe limebaki tupu ndani ya dakika nne. Aliye mbali kabisa na njia ya kutokea awe amefika mahali salama ndani ya dakika sita.

Tufanye hesabu, maana ni hapa ambapo jambo linakuwa wazi. Chukua treni yenye abiria 600, na wengine 400 jukwaani. Kwa makadirio yaliyotumika katika kiwango hicho, mita moja ya upana wa ngazi hupitisha watu 55 hivi kwa dakika. Watu 1,000 kwa dakika nne ni watu 250 kila dakika, kwa hiyo zinahitajika ngazi zenye upana wa jumla usiopungua mita nne na nusu. Stesheni yenye ngazi mbili za mita mbili kila moja, ambayo machoni pa mtu yeyote ni stesheni ya kifahari, imeshafeli mtihani. Na hapo bado hatujauliza itakuwaje ikiwa ngazi moja ndiyo iliyozibwa na moshi, au ngazi ya umeme ikiwa imeharibika siku hiyo, jambo ambalo kiwango chenyewe kinamtaka mbunifu alidhanie. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Inahitaji sheria inayomlazimisha mtu kuifanya kabla hajatia saini michoro.

Sababu ya pili ni umbo. Katika jengo la ghorofa, kanuni hutaka ngazi ya dharura ifungiwe ndani ya kuta na milango inayozuia moto kwa saa kadhaa. Stesheni haiwezi kuishi hivyo. Abiria lazima aione ngazi na watu wapite kwa maelfu bila kufunguliana milango. Kinachobaki wazi kwa ajili ya watu kinabaki wazi kwa ajili ya moshi pia. London ililipia ujuzi huo Novemba 18, 1987, katika stesheni ya King's Cross. Kiberiti kilichodondoka chini ya ngazi ya umeme ya mbao kiliwasha grisi na vumbi la miaka mingi. Kwa robo saa moto ulionekana mdogo, wa kuzimwa na watu wachache. Lakini miali ililala ndani ya mfereji wa ile ngazi iliyoinama, ikapasha mbao za juu yake, na saa 1:45 usiku ikalipuka hadi kwenye ukumbi wa tiketi. Watu 31 walikufa, mmoja wao afisa wa zimamoto. Vifaa vya kunyunyizia maji vilikuwepo chini ya ngazi, ila wafanyakazi waliokuwapo hawakuwa wamefundishwa kuvitumia. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell ulitoa mapendekezo 157, na mwaka 1989 Uingereza ikatunga kanuni maalumu za moto kwa stesheni zilizo chini ya ardhi. Inafaa kukumbuka kwamba uvutaji wa sigara ulikuwa umeshapigwa marufuku katika stesheni hizo tangu 1985. Marufuku ilikuwepo, ngazi ya mbao ilikuwepo pia, na moto uliishika ngazi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonisukuma zaidi, kwa kuwa ndiyo inayopotea katikati ya ofisi zetu. Kwa moto, stesheni na njia ya treni ni chumba kimoja. Novemba 11, 2000, huko Kaprun nchini Austria, treni iliyokuwa ikipanda mlimani ndani ya handaki iliwaka kutokana na kipasha joto cha umeme kilichopata hitilafu na kukutana na mafuta ya haidroliki yaliyovuja. Handaki liliinuka kwa mteremko mkali, hewa ikavutwa kwenda juu kama katika bomba la moshi la jiko la kuni. Watu 155 walikufa. Kumi na wawili walinusurika kwa kufanya kinyume cha silika: walitoka nyuma ya treni na kushuka chini, wakaupita moto. Sehemu ya kuzingatia ni kwamba watatu kati ya waliokufa hawakuwa ndani ya handaki kabisa. Walikuwa katika jengo la stesheni ya juu, na moshi uliwafuata huko. Msimamizi wa majengo angesema jengo lake halikuungua, na angesema kweli, na watu watatu wangekuwa wamekufa ndani yake.

Mambo kama hayo yalionekana Baku, Azabajani, Oktoba 28, 1995, ambako watu 289 waliangamia katika treni iliyokwama kati ya stesheni mbili, wengi wao kwa moshi, na feni zilipobadilishwa mwelekeo zikauvuta moshi upande waliokuwa wakikimbilia watu. Yalionekana tena Washington Januari 12, 2015, karibu na stesheni ya L'Enfant Plaza: treni ilikwama handakini, feni za stesheni zikawashwa zikavuta moshi kuielekea, redio za zimamoto zikawa hazisikiki chini, na abiria mmoja akafa huku makumi wakipelekwa hospitali. Mtandao wa treni za chini ya ardhi wa jiji hilo ulifunguliwa mwaka 1976, kabla kiwango cha NFPA 130 hakijatolewa. Feni, kwa hiyo, si pambo la kuongeza baadaye. Zinapaswa kupangwa pamoja na handaki, zijulikane zitavuta upande gani moto ukiwa mahali gani, na nani mwenye mamlaka ya kubonyeza kitufe.

Kiwango hicho chenyewe kilizaliwa kwa shida. Kazi ya kukiandika ilianza 1975. Januari 1979 treni iliwaka ndani ya handaki lililo chini ya ghuba ya San Francisco, zimamoto mmoja akapoteza maisha, na toleo la kwanza likatoka 1983. Lakini shirika la NFPA ni la binafsi. Halina polisi wala mahakama. Maandishi yake hupata nguvu pale tu kanuni ya ujenzi ya jimbo au jiji inapoyataja kwa jina na mwaka wa toleo, na kusema kwamba stesheni yoyote itakayojengwa lazima iyafuate. Hapo ndipo fundi, mkaguzi, mwenye mradi na hakimu wanapokuwa na ukurasa mmoja wa kurejea. Ulaya imepita njia nyingine: kanuni ya mwaka 2014 kuhusu usalama wa mahandaki ya reli inazibana nchi za Umoja wa Ulaya, ikitaka handaki jipya linalozidi kilomita moja liwe na njia za kutokea kila mita 1,000, au milango ya kuvukia handaki la pili kila mita 500. Kiwango cha Marekani hubana zaidi, mita 762 na mita 244. Tarakimu zinatofautiana na wataalamu wanabishana juu yake, ila pande zote mbili zina tarakimu, na mwananchi anaweza kuzisoma na kwenda kupima.

Sasa tutazame kwetu. Treni ya Madaraka Express ya Kenya ilianza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na miaka miwili baadaye reli ikasogezwa kuelekea Naivasha ikipita katika handaki la Ngong lenye urefu wa kilomita 4.5. Stesheni za reli hiyo zilijengwa wakati kanuni za ujenzi za Kenya zilikuwa bado zile za mwaka 1968. Kanuni mpya za taifa zilianza kutumika Machi 2025, reli ikiwa imeshabeba mamilioni ya abiria. Tanzania ilitunga Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mwaka 2007, miaka kumi kabla jiwe la msingi la reli yake ya kisasa, SGR, halijawekwa. Treni za umeme zilianza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 14, 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Katika nchi zote mbili sheria ilitangulia, reli ikaja nyuma yake ikiwa kubwa kuliko mawazo ya waliotunga sheria. Na sheria inapokuwa kimya, haimaanishi kwamba hakuna kiwango. Kiwango huja na mkandarasi, au na mkopeshaji. Reli ya Kenya ilijengwa kwa viwango vya China. Ya Tanzania, vipande vyake vya kwanza vilijengwa na kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi, na vipande vya kaskazini vikachukuliwa na kampuni za Kichina. Si lazima viwango hivyo viwe vibaya. China na Uturuki zina reli nyingi kuliko sisi na zimejifunza mengi. Tatizo ni kwamba vinakaa ndani ya mkataba. Askari wa zimamoto wa Kilosa hana nakala ya mkataba. Akifika mlangoni mwa handaki usiku, anachohitaji ni kujua kwa yakini kwamba kila handaki la nchi hii lina njia ya kutembea ya upana fulani, bomba la maji mahali fulani, na swichi ya kukata umeme wa kilovolti 25 ulio juu ya kichwa chake kabla hajafungua maji.

Mgawanyo wa madaraka unaongeza ugumu. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, huduma za zimamoto ni kazi ya kaunti. Reli ni ya taifa. Treni ikipata moto karibu na Voi, wa kwanza kuitwa ni Taita Taveta. Ikifika Kibwezi ni Makueni. Athi River ni habari nyingine. Kila kaunti ina magari yake, mafunzo yake na bajeti yake, na stesheni zote ziko kwenye reli moja. Kanuni ya ujenzi ya taifa ndiyo inayoweza kuhakikisha kwamba zinafanana kwa kile kisichoonekana: kiungio cha bomba kinachoingiliana na mpira wa gari lolote la zimamoto, tangi la maji lenye ujazo uliotajwa, barabara ya kuliwezesha gari kufika ukingoni mwa jukwaa na chini ya daraja.

Atasema mtu: reli zetu zinapita nyikani, stesheni zetu ziko juu ya ardhi na upepo unapita, kwa nini tujibebeshe sheria za miji yenye treni za chini ya ardhi? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na viwango vyenyewe vinalikubali; vinatofautisha stesheni ya wazi na iliyofungwa, na kuidai ya wazi kidogo. Hata London ngazi ya mwisho ya mbao ilibaki hadi 2014 katika stesheni ya Greenford, kwa kuwa hiyo iko juu ya ardhi. Lakini uwazi si kinga kamili. Februari 2002, treni ya daraja la tatu iliyojaa kupita kiasi ilitoka Cairo kwenda kusini mwa Misri. Ilishika moto karibu na Al-Ayyat, katika reli ya wazi kabisa, na kuendelea kukimbia ikiwaka kwa kilomita kadhaa kwa sababu dereva hakuwa na habari. Madirisha yalikuwa na nondo. Zaidi ya watu 360 walikufa. Wengi walidhani chanzo ni jiko la gesi la abiria. Mwaka 2019, katika stesheni kuu ya Ramses mjini Cairo, kichwa cha treni kisicho na dereva kiligonga kizuizi cha mwisho wa njia na mafuta yake yakalipuka, watu zaidi ya ishirini wakafa jukwaani. Huko hakukuwa na handaki. Tena miji yetu haitabaki ilivyo. Mradi wa Nairobi Railway City umepangwa kuzungushia stesheni kuu ya jiji maduka, ofisi na makazi, na Dar es Salaam stesheni ya SGR iko katikati ya jiji tayari. Maduka yakishafika ukutani mwa jukwaa, moto wa jiko la mgahawa unakuwa moto wa stesheni, na ukuta unaotenganisha viwili hivyo unapaswa kuwa umeandikiwa saa ngapi utastahimili. Mizigo nayo inabadilika. London ilipiga marufuku skuta za umeme katika treni zake Desemba 2021 baada ya betri ya moja kuwaka ndani ya behewa. Kwetu pikipiki za umeme na betri za sola zinazidi kuingia sokoni.

Pingamizi la gharama ni zito kwa nchi zinazojenga kwa mkopo, na sitalipuuza. Kila mita ya upana wa ngazi ni zege na nondo, kila feni ni umeme na vipuri. Hata hivyo gharama ina wakati wake. Kwenye karatasi, kupanua ngazi kutoka mita mbili hadi mita mbili na nusu ni kazi ya siku moja ya mchoraji. Baada ya stesheni kufunguliwa, ni kubomoa nguzo huku treni zikipita. Handaki lisiloachiwa shimo la moshi milimani halipati shimo hilo tena ila kwa kuchimba upya. Kwa hiyo sheria inayotoka mapema hupunguza gharama kuliko nyingine yoyote, kwa sababu inaingia kwenye zabuni na kila mkandarasi anaweka bei akijua. Inayochelewa ndiyo inayoumiza: Korea ilinunua treni zake mara moja, kisha ikalipa kuzivua na kuzivisha upya.

Wengine wana shaka ya kuchukua sheria za wageni. Mimi pia singependa kuona NFPA 130 ikinakiliwa neno kwa neno. Lakini tusijidanganye kwamba tunachagua kati ya kigeni na cha kwetu. Tayari tunasafiri ndani ya viwango vya kigeni, tofauti ni kwamba hatukuvichagua wala kuvisoma. India imeonyesha njia ya kati. Metro ya Delhi ilianza 2002 ikitumia kiwango cha Marekani, na kanuni za ujenzi za taifa za mwaka 2016 zikaweka masharti ya stesheni za metro ndani ya sehemu yake ya moto, kwa lugha ya kanuni zao na kwa mamlaka zao. Sisi tungekuwa na mambo yetu ya kuongeza. Abiria wetu husafiri na mizigo mingi, na jukwaa lenye magunia na masanduku halitoki kwa kasi ya jukwaa la wafanyakazi wa ofisini wenye mkoba mmoja. Makadirio ya watu 55 kwa dakika yapimwe hapa, kwa abiria wa hapa. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wasiachwe juu ya lifti iliyozimika. Matangazo ya dharura yatoke kwanza kwa Kiswahili, yakiwa yamerekodiwa na kujaribiwa, si kusomwa papo hapo na mtu aliyeshtuka.

Limebaki pingamizi ambalo wasomaji wengi wanalo moyoni, nalo ndilo gumu kuliko yote: sheria tunazo, hazifuatwi. Milango ya dharura hufungwa kufuli, mitungi ya kuzimia moto hukaa miaka bila kukaguliwa. Agosti 7, 2013 ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliteketea alfajiri, katika kituo cha usafiri ambacho mtu angedhani kinasimamiwa kuliko vingine vyote Kenya. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021 katikati ya jiji. Karatasi nyingine itasaidia nini? Jibu langu ni kwamba masharti ya moto hayalingani kwa asili. Yako yanayohitaji mkaguzi kila mwezi: kufuli, mitungi, feni, taa za dharura, mafunzo. Hayo yatategemea utawala wetu, na tutashindwa mara nyingi kabla ya kufaulu. Lakini yako mengine ambayo yakishajengwa hayahitaji mkaguzi tena. Ngazi ya mita tano haisinyai kwa uzembe wa meneja. Mlango wa kuvukia handaki la pili hauondoki kwa sababu bajeti imekatwa. Ukuta wa saa mbili kati ya mgahawa na jukwaa utakuwa pale hata mkurugenzi akibadilishwa mara tatu. Nchi ambayo usimamizi wake ni dhaifu ina sababu kubwa zaidi, si ndogo, ya kuweka usalama ndani ya zege, na kanuni za ujenzi ndicho chombo kinachofika kwenye zege. Sheria za uendeshaji wa reli, ambazo wengine wanasema zinatosha, huanza kazi zege likishakauka.

Kwa hiyo nafasi tuliyonayo ni finyu na inajulikana iko wapi. Uganda ilitia saini mkataba wa reli ya Malaba hadi Kampala Oktoba 2024, na kampuni ile ile iliyojenga Dar es Salaam hadi Makutupora. Reli ya Uvinza hadi Musongati inakusudiwa kuiingiza Burundi, na Tanzania inaendelea kuelekea Mwanza na Kigoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa kutunga viwango vya pamoja na imeutumia kwa bidhaa nyingi. Hakuna sababu ya saruji na unga wa mahindi kuwa na kiwango cha pamoja, na stesheni ambayo treni moja itaipitia kutoka nchi hadi nchi ikose. Kila nchi ikirejee kiwango hicho ndani ya kanuni zake za ujenzi, ikitaja mwaka wa toleo na muda wa kukipitia upya. Michoro ya kila stesheni na kila handaki ipelekwe kwa zimamoto kabla ya kibali cha ujenzi, na jeshi hilo lipewe wahandisi wa kuisoma, maana saini ya asiyeweza kuifanyia michoro hesabu haina thamani. Na kabla ya treni ya kwanza ya biashara, stesheni ijazwe watu kweli, wakiwa na mizigo, ngazi moja ikiwa imefungwa kwa makusudi, na muda wa kuondoka jukwaani upimwe mbele ya waandishi wa habari. Stesheni itakayozidi muda uliowekwa na sheria isipewe cheti, hata kama tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa na mgeni rasmi ameshaalikwa.